Nafasi Kati ya Mnara na Mnara

Lori la zege lilipofika kwenye shamba la marehemu Rusin, Tsonka alikuwa ameshashuka shimoni na kigoda chake. Shimo lenyewe lilikuwa la mraba, kina chake kinamfikia mtu mzima mabegani, na nondo zake zimesukwa vizuri kama kitanda cha kamba. Tsonka alikaa katikati ya nondo hizo, sketi ameikusanya magotini, akawa anamenya yai la kuchemsha.

Dereva alishuka, akachungulia.

"Mama, unafanya nini humo?"

"Nakula."

"Mimi nimetumwa kumwaga zege."

"Mwaga."

"Siwezi kumwaga na mtu yumo ndani."

"Basi tumeelewana," alisema Tsonka, akachovya yai kwenye chumvi.

Stamat, mdogo wake, alikuja mbio kutoka upande wa barabara, viatu vimejaa tope la Aprili. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamrisha mafundi, maana miaka mingi alikuwa Ujerumani akiezeka mapaa ya watu mpaka akawa na kampuni yake mwenyewe. Sasa alikuwa amerudi kijijini moja kwa moja.

"Dada, toka humo."

"Sitoki."

"Zege linaganda!"

"Acha ligande."

"Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Watu gani? Yuko dereva na wale kunguru." Alimnyooshea kidole dereva. "Wewe kaka, una dada?"

"Ninao watatu," alisema dereva.

"Ukimjengea mmoja wao mnara puani, atafanyaje?"

Dereva alijikuna shingo. "Bwana Stamat, mimi ya ndugu siyaingilii. Ila zege halingojei kikao cha ukoo. Niambie nilipeleke wapi."

Lilipelekwa kijijini, likamwagwa kwenye mashimo ya barabara mbele ya duka, na kwa siku kadhaa watu wa Gorna Mera walimwamkia Tsonka kwa heshima isiyo ya kawaida.

Chanzo cha mambo ni baba yao. Rusin alikuwa mtu wa redio, mmoja wa wale wanaojitengenezea mitambo na kuongea na dunia nzima kwa mapenzi tu, bila kumlipa mtu wala kulipwa. Wanawe wote wawili walijua nukta na mistari ya Morse, ile lugha ya milio ya redio, kabla ya kujua kusoma. Tsonka alipokua akaajiriwa kuwa mtu wa redio kwenye meli za mizigo za bandari ya Varna, akazunguka bahari zote, akastaafu, akarudi kumuuguza mzee. Shamba la kilimani, jembamba na refu, mzee aliwaachia wote wawili bila kuligawa. Huko juu kwenye mgongo wa kilima ndiko ulikosimama mnara wa Tsonka, aliousimamisha na baba yake. Huko chini kulikuwa na kinamasi, matete na nyaya za umeme zinazokwenda kijiji cha pili.

Naye Stamat alikuwa amechimba shimo lake hatua chache tu kutoka mnara wa dada yake. Mtu asiyejua redio angesema, kuna shida gani, si minara tu? Lakini antena si taa za barabarani, kwamba ukiziweka mbili pamoja utapata mwanga zaidi. Chuma kinachosimama karibu na antena hakikai bure. Kinanyonya mawimbi ya mwenzake na kuyatupa upande usiotakiwa. Unaielekeza antena yako Amerika, sauti inakwenda Misri. Na jirani akianza kurusha, redio yako inakuwa kiziwi, au hata inaungua kabisa.

Jioni ya siku ile waliketi jikoni kwa Tsonka. Gena, jirani aliyelima alizeti na aliyewajua tangu wanatambaa, alikuja na sahani ya banitsa, mkate wa jibini wa tabaka tabaka, ili wasirushiane vikombe.

"Shamba ni letu sote," alianza Stamat. "Miaka yote hii umelitumia peke yako. Nilinung'unika?"

"Hukunung'unika kwa sababu hukuwepo."

"Nilikuwa natafuta maisha, dada."

"Nami sikukatazi kujenga. Jenga. Jenga kumi ukitaka. Ila sogea. Mita themanini kushuka chini, tutaishi kwa amani."

"Huko kushuka umeme unavuma na ardhi ni matope. Mnara unataka mahali pa juu. Kila mtu anajua."

"Kumbe unajua. Basi mnara wangu utakufa hapo juu ili wako upate kuishi, ndivyo?"

"Wako una kutu," alisema Stamat. "Mimi naleta timu ya vijana kutoka mjini, tutashiriki mashindano ya redio ya dunia ya vuli, tuone nani anafika mbali zaidi. Wewe unaongea na nani? Wazee wenzako."

Tsonka hakukasirika upesi. Alikuwa mtu wa kukasirika polepole, kama jiko la kuni. Aliinuka, akajaza tena glasi ya Gena.

"Mimi naongea na wanaonijibu," alisema.

Gena aliweka uma chini. "Nimechoka nanyi. Mama yenu alikuwa anawagawiaje banitsa? Mmoja anakata, mwenzake anachagua. Tsonka, wewe mkubwa, kata."

Asubuhi Tsonka alilikata shamba kwa kamba, si kwa urefu bali kukingama, ili minara isikaribiane, nusu ya juu na nusu ya chini. Alipigilia vigingi na kusimama pembeni mikono ameifunga kifuani. Moyoni alikuwa na hesabu yake. Huyu mtoto, yeye Tsonka ndiye aliyembeba mgongoni. Alimfundisha kuogelea, akamficha mama asijue nani alivunja kioo cha kanisa. Hatathubutu kuchagua juu, na mnara wa dada yake umesimama pale pale, mbele ya macho yake.

Stamat aliangalia ardhi kwa muda mrefu.

"Juu," alisema.

Gena alipiga ishara ya msalaba. Tsonka alihisi kama aliyepigwa na boriti ya tanga la mashua, ile inayokuja bila sauti wakati umegeuka. Lakini kukata alikata mwenyewe, na neno ni neno. Hakumwomba achague tena.

"Nipe wiki," alisema. "Nitaushusha."

"Nitaleta winchi na watu wangu, dada. Kazi ya saa moja."

"Ulichagua ardhi. Mnara hukuuchagua. Usiuguse."

Akaushusha mwenyewe, akiwa na miaka sitini na miwili, mkanda wa usalama kiunoni, Gena kwenye trekta akilegeza kamba kwa amri yake. Alianza na antena, kisha akafungua mnara kipande kwa kipande kutoka juu kuja chini. Stamat alisimama barabarani na vijana wake wawili. Kila skurubu iliyokataa kulegea, alipiga hatua mbele, na kila alipopiga hatua mbele, Tsonka alimtazama kutoka juu mpaka akarudi. Kipande cha mwisho kilipolala kwenye tela, alifuta mikono, akampita ndugu yake bila salamu, akaelekea kinamasini.

Kijijini walicheka, bila ubaya mwingi. Dukani walisema, "Tsonka amehamia kwa vyura. Sasa ataongea nao kwa Morse." Habari zikamfikia. Yeye alikuwa ameshavaa mabuti ya mpira, anapima kwa kamba.

Maana kulikuwa na kitu alichokijua tangu melini. Redio ya meli haikuwa kubwa, na waya wake ulikuwa mfupi, lakini sauti ilivuka dunia kwa sababu chini yake palikuwa na maji ya chumvi. Antena iliyosimama wima hupenda kuwa na maji miguuni. Kule juu kilimani ni mawe matupu. Hapa chini ukikanyaga, buti linanyonywa. Hakuwa na hakika. Alijua tu kwamba hatakaa ndani ya nyumba kuangalia kilima.

Alisimamisha nguzo nne nyembamba za mbao, mraba, mita ishirini kutoka moja hadi nyingine, kila moja na waya wake umepanda wima, kisha unalala kidogo juu. Chini alifukia nyaya nyingi za shaba, zikatawanyika topeni kama mizizi. Nafasi ile ya mita ishirini aliipima tena na tena mpaka Gena akauliza kama anajenga kanisa.

"Zikikaribiana zinagombana," alimwambia. "Zikiachana kwa kipimo, zinavuta pamoja. Hizi nne nataka zivute."

"Na yule wa juu?"

"Yule yuko mbali. Mita mia mbili na zaidi. Huko agombane na upepo."

Siku ya kwanza alipowasha redio, ndani ya kibanda cha mbao alichokiweka kando ya nguzo, alisikia mafuta yanakaanga. Mkwaruzo mkubwa, mnene, unaotoka kwenye nyaya za umeme, umefunika kila sauti ya duniani. Alikaa nao dakika chache kisha akazima. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya vigingi, machozi yalimlenga, akayafuta kwa ukingo wa kilemba kana kwamba ni jasho.

Stamat alisikia habari. Alimtuma Gena: dada akitaka, siku za wiki anaweza kupanda juu na kutumia mitambo yake.

"Mwambie namshukuru," alijibu Tsonka. "Mwambie vyura wana adabu, nimewazoea."

Kesho yake alichukua redio ndogo ya mkononi, akatembea chini ya nyaya nguzo hadi nguzo. Mkwaruzo ulipanda, ukapanda, na kwenye nguzo iliyo karibu na mti wa mwerebi ukawa hausikiliziki. Akarekodi. Akapanda basi kwenda ofisi ya umeme mjini.

Kijana wa dirishani alitazama kompyuta yake. "Laini hiyo ni nzima, mama."

"Si nzima. Nguzo ya pale kwenye mwerebi ina kikombe cha kauri cha kushikia waya kilichopasuka. Umeme unaruka."

"Hatujapokea malalamiko."

"Unayapokea sasa."

"Kwa redio ya kujifurahisha hatutumi gari, mama. Kapumzike. Umri huu ni wa bustani."

Tsonka aliweka redio juu ya kaunta na kucheza alichorekodi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Ukumbi mzima uligeuka. Bibi mmoja aliziba masikio.

"Punguza!" alisema kijana.

"Mimi nausikia kutwa. Wewe onja tu."

"Mama, nitamwita mlinzi."

"Mwite. Na mwite mkubwa wako pia, atakuja kwa kasi zaidi."

Mkubwa alikuja, akamsindikiza nje kwa upole. Wiki iliyofuata alikuwepo tena, na redio yake, na betri za akiba. Akaja tena. Mlinzi akawa anamletea kahawa. Majira ya joto yalikuwa yanapita hivyo, na kule kilimani Stamat alisimamisha mnara mmoja, halafu wa pili, na mwishowe wa tatu, mirefu, inang'aa, yote ndani ya nusu yake ya shamba.

Hatimaye ofisi ilituma gari, kwa kumchoka tu, kama mafundi wenyewe walivyosema. Mmoja alipanda nguzo ya mwerebini akiwa anacheka. Aliposhuka hakuwa anacheka. Mkononi alikuwa na kikombe cha kauri chenye ufa mweusi kutoka juu hadi chini.

"Hiki kingewasha matete siku moja," alisema. "Nani alikwambia?"

"Kilijisema chenyewe," alijibu Tsonka.

Walipokwisha funga kipya, alikimbia kibandani na mabuti yake ya matope. Akawasha. Ukimya ulioingia masikioni mwake ulikuwa mpana kama bahari alfajiri, na ndani ya ukimya ule, polepole, zikaanza kuinuka sauti: mvuvi wa Norwe, mtu wa milima ya Urali, mwingine wa visiwa vya Kanari anayeita bila kuchoka. Akaita mara moja. Wakamjibu watatu kwa pamoja.

Mashindano ya vuli yalipofika, Stamat na timu yake ya vijana walikuwa juu na mitambo mitatu. Tsonka alikuwa chini peke yake, na supu ya maharage kwenye themosi. Jua likizama alikuwa na Wajapani. Jua likichomoza alikuwa na pwani ya mbali ya Amerika, na mzee mmoja wa Nyuzilandi aliyemuuliza mara mbili ana antena gani, hakuamini.

Jumapili mchana mlango wa kibanda uligongwa. Alikuwa Stamat, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Kuna kitu kinakula mawimbi yangu," alisema bila salamu.

"Si mimi."

"Najua si wewe. Wewe uko mbali." Alikaa kwenye ngazi ya mlango. "Tukielekeza Amerika tunapata Waarabu. Kijana akirusha kwenye mnara wa kwanza, wa pili unakuwa kiziwi. Redio moja imeungua."

Tsonka alivua vipokea sauti, akavitundika shingoni.

"Uliachanisha minara kwa kiasi gani?"

Stamat alimtajia mita. Tsonka alipiga hesabu kwa vidole.

"Wa katikati uushushe," alisema.

"Una wiki tatu tu tangu usimame, dada."

"Wangu ulikuwa na miaka ishirini na tatu."

Vyura walisikika. Stamat aliokota kijiti, akakivunja.

"Panda juu ukaangalie," alisema. "Vijana hawanisikilizi. Wewe watakusikiliza."

"Sipandi mpaka uniambie kwa nini ulichagua juu."

"Kwa sababu mnara unataka—"

"Stamat."

Aliangalia mabuti ya dada yake, yaliyokuwa yamesimama kando ya mlango. Aliposema, ile sauti ya kuamrisha mafundi haikuwemo.

"Pale ndipo alipokuwa anakaa baba. Na kile kiti chake, na themosi. Wewe ulikuwa naye mpaka siku ya mwisho. Mimi nilikuwa juu ya paa la mtu, naahirisha tikiti. Nilitaka na mimi niwe na mahali pake. Nikakuona umesimama pale na mikono umeifunga, kama mlinzi wa kaburi, nikasema hapana, safari hii mimi."

Tsonka alisikiliza. Alimwona tena yule mtoto wa mgongoni mwake. Lakini aliukumbuka pia ule mnara ukishuka kipande kwa kipande, na watu wakiangalia.

"Hiyo ni sababu," alisema. "Siyo haki. Ungeniomba kiti, ningekupa kiti. Ungeniomba kukaa pale, tungekaa wote."

"Nisamehe basi."

"Sijui. Labda wakati wa theluji. Sasa hivi nina kazi, mashindano hayajaisha." Alivaa vipokea sauti. "Na juu sipandi. Mahali ni pako, ulipachagua. Ushushe wa katikati, nyaya za kushikilia ukatekate na kuweka vikombe vya kauri katikati, zisijifanye antena. Kama vijana hawakusikilizi, ingia shimoni ukae."

Stamat aliinuka. Alitaka kucheka, lakini hakuthubutu. Alirudi kilimani kwa miguu.

Timu yake haikufika popote mwaka ule. Tsonka naye hakuwa wa kwanza duniani, wala hakutegemea, ila katika nchi nzima hakuna aliyefika mbali zaidi yake kwa mtambo wa mtu mmoja. Dukani walimpa mkono. Aliyesema habari za vyura alimnunulia rakia, pombe kali ya matunda, naye akainywa akimwangalia machoni mpaka yule bwana akakohoa.

Wiki mbili baadaye alikuwa anaokota kuni pembeni ya matete alipoona kule juu mnara wa katikati unapungua. Stamat alikuwa juu yake peke yake, mkanda kiunoni, mtu mnene anayening'inia angani, anafungua skurubu. Tsonka alitaka kumpigia kelele aingize mguu ndani ya vyuma. Hakupiga. Alisimama tu na kuni zake mpaka kipande cha mwisho kilipofika chini na mtu akiwa mzima.

Jioni aliwasha redio. Kwenye masafa yake ya kawaida kulikuwa na mtu anaita, sauti nzito, anataja alama zake za wito, lile jina la redio la kila mrushaji, kwa utaratibu, kama mgeni anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Alirudia. Aliita tena, akaongeza alama za Tsonka mwishoni.

Tsonka alimwacha aite mara ya tatu. Kisha akabonyeza.

"Nakusikia," alisema. "Kwa nguvu sana na safi kabisa. Hapo ulipo panatosha, Stamat. Usisogee."

"Sisogei," ilisema sauti. "Mnara wangu una nguvu gani kule Amerika, umesikia wakisema?"

"Subiri, nitawauliza," alisema Tsonka, akageuza kitufe kuitafuta Amerika.